Gari Lililokunywa Maji

Tangu mkewe Turkia afariki, Derradji alikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Asubuhi aliteremka na gari lake kuukuu mpaka mjini Arris, akanunua mkate ambao angeupata hapohapo kijijini, akaketi mkahawani mpaka mgongo umuume, kisha akapanda tena mlima kurudi kwenye nyumba ya mawe isiyokuwa na mtu wa kumfungulia mlango. Mwanawe wa kiume alikuwa ng'ambo. Binti yake, Nadjia, alikuwa Oran, na sauti yake ilimfikia kwa simu kila Ijumaa baada ya sala.

Gari lilianza kupungukiwa na maji watu walipokuwa wakimalizia kuvuna tufaha. Siku hiyo alikuwa kwenye mpando alipouona mshale wa joto umepanda kuliko kawaida yake. Akasimama, akafungua boneti, akangoja injini ipoe, akachungulia ndani ya rejeta. Maji yalikuwa yameshuka sana. Akaongeza, akaenda zake. Baada ya siku chache yakawa yameshuka tena. Akapiga magoti akatazama chini ya gari, hakuona tone. Akatandaza maboksi chini ya injini, akayaacha hapo mpaka kesho yake. Yalikuwa makavu vilevile.

Akalipeleka kwa Nouari, fundi mwenye gereji karibu na soko, mtu aliyemjua tangu akiwa mtoto.

"Ami Derradji, linavuja wapi?" Nouari akauliza.

"Lingekuwa linavuja ningeweka ndoo. Halivuji. Linakunywa."

Nouari akacheka, akainama kazini. Akakaza vibano vya mipira yote. Akabadilisha kifuniko cha rejeta. Akapitisha vidole chini ya pampu ya maji, akachomoa kijiti cha oili kuona kama imegeuka rangi ya maziwa, akaenda nyuma kunusa moshi. Alipomaliza alisimama akijifuta mikono kwa kitambaa na kulitazama gari kama mtu aliyedanganywa usoni.

"Oili safi. Moshi safi. Pampu kavu," alisema. "Imebaki gasketi tu. Huenda inapitisha kidogokidogo, maji yanaungulia ndani. Nifungue?"

"Usifungue kitu."

"Ami, siku likikuzimikia kule juu kwenye theluji utaniambia nini?"

"Nitakuwa nimeganda. Sitakuambia kitu."

Habari ikafika mkahawani kabla yake. Khoudir, muuza mbegu mstaafu ambaye hakuwahi kumwacha mtu apite bila kumchokoza, alimwona akiegesha akapaza sauti, "Haya, ngamia wako kanywa ngapi leo?"

"Kanywa ya kwake na ya kwako."

"Mpeleke kwa imamu amsomee. Hilo gari lina mtu ndani."

Wakacheka wote, na Derradji akacheka nao. Tangu mazishi watu hao walikuwa wakimsalimia kwa sauti ya chini, kama anavyosalimiwa mgonjwa, kisha wakageukia dhumna zao. Sasa walimwita akiwa bado mbali. Kila mmoja alikuwa na dawa yake: huyu akisema kifuniko, yule akisema ufa kwenye injini, wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Derradji alikuwa akirudi nyumbani na maneno yao kichwani, na humo njiani akiyajibu kwa sauti, peke yake.

Nadjia alipopiga simu alimwambia, "Baba, liuze hilo gari uje ukae na sisi."

"Gari halina tatizo."

"Na wewe?"

"Na mimi pia."

Baridi ikaingia. Kioo cha mbele kikaanza kupata ukungu kwa ndani. Kila alipoufuta kwa mkono wa koti ulirudi, tena ukiwa na utando wa mafutamafuta. Akaisingizia hali ya hewa. Pua yake, iliyovuta ugoro tangu ujana, haikumwambia lolote. Alifungua dirisha kidogo, akajikunyata, akaendesha.

Asubuhi moja mvua yenye chembe za theluji ilikuwa ikipigapiga barabara, akamkuta Bi Aldjia amesimama kwenye kituo cha basi, amejifunika blanketi kichwani. Alikuwa jirani wa nyumba ya chini, mjane tangu zamani, na yeye na Turkia walikuwa wakikoka moto mmoja kuoka mikate. Derradji akasimama.

"Basi halipandi leo. Ingia, dada."

Aldjia akafungua mlango wa nyuma, akaona kuni na galoni za maji zimejaa hadi kwenye vioo. "Unanikalisha wapi, juu ya kuni?"

"Kaa mbele."

Ilimbidi Derradji kwanza aondoe vitu kitini: gunia, koti la zamani, mifuko ya mkate. Hakuna aliyekuwa amekaa pale tangu siku alipomrudisha Turkia kutoka hospitali ya Batna. Aldjia akaingia, akavuta mlango kwa nguvu, wakaondoka. Alikuwa anakwenda kupimwa macho, akawa anasimulia jinsi daktari wa mwisho alivyomwandikia miwani inayomwonyesha mbuzi wawili mahali pa mmoja. Ghafla akainua mguu mmoja, kisha wa pili.

"Shemeji, humu ndani unafuga samaki?"

"Samaki gani?"

"Soksi zangu zimeloa chapachapa. Na harufu hii ni ya nini? Umemwaga sharubati?"

Derradji alifunga breki palepale, kando ya barabara. Akazunguka, akafungua mlango wa upande ule, akapiga magoti kwenye tope la theluji na kukandamiza zulia kwa kiganja. Maji ya rejeta, ya kijani kwa dawa ya kuzuia kuganda, ya uvuguvugu, yakapanda kati ya vidole vyake. Akalifunua. Chini yake sufi yote ilikuwa imelowa na kuvimba, na juu, penye heta ya kupasha joto ndani ya gari, nyuma ya dashibodi, aliona tone likijikusanya, likining'inia, likidondoka bila sauti.

"Ndiyo haya," akasema.

"Haya nini?"

"Maji. Nayatafuta tangu wakati wa tufaha."

Aldjia akayatazama, akamtazama na yeye. "Turkia angekuwepo angekwambia siku ileile. Na matusi juu."

"Angenitukana mpaka Batna."

Akacheka. Kicheko kikakatika. Alibaki amepiga magoti vilevile, mkono ndani ya zulia bichi, mvua ikimwingia shingoni, na asiweze kuinuka. Aldjia aligeuza uso upande wa usukani, akavua soksi taratibu, akazikamua nje ya mlango moja baada ya nyingine. Kisha akasema, "Inuka, shemeji. Daktari hanisubiri mimi."

Nouari alipoonyeshwa alijipiga paji la uso. "Mlango huu sikuufungua hata mara moja!" Rejeta ndogo ya heta ilikuwa imeoza, na ya gari la umri ule haikupatikana tena mjini. Akaitoa, akaunganisha mipira yake miwili kwa kipande cha bomba la shaba, akakaza. "Maji hayatapotea tena, Ami. Ila joto ndiyo basi. Utaendesha na blanketi."

Mkahawani Derradji alisimulia mkasa wote, na alipofika kwenye habari ya samaki Khoudir alicheka mpaka akafuta machozi. Kesho yake alipofika walimsogezea kiti, wakamjulia hali kwa sauti ya chini, wakaendelea na dhumna. Gari lilikuwa limepona, hakukuwa na la kumuuliza tena.

Ikaja siku moja angavu baada ya theluji. Juu kabisa kwenye mpando alisimama kwa mazoea, akafungua boneti, akachungulia. Maji yalikuwa yamejaa hadi shingoni. Akafunga. Upepo ulikuwa unakata, na mlango uliokuwa umekingika na upepo huo ulikuwa ule wa upande wa abiria, akaufungua huo, akaketi mahali pa Turkia.

Kupitia dirisha la upande ule barabara haikuonekana kabisa. Bonde lote lilikuwa wazi chini yake: mashamba ya tufaha yaliyopukutisha majani, mto uliokonda, mapaa yenye theluji, na mbali kidogo nyumba yenye mlango wa samawati ambayo katika miaka yote ya kupita hapo hakuwahi kuiona. Akakumbuka jinsi alivyokuwa akiambiwa na mkewe, "Hebu tazama," na yeye akijibu, "Naendesha." Akaiangalia ile nyumba kwa muda mrefu. Mwanamke alitoka, akakung'uta mkeka, akaingia ndani.

Miguu yake ikaanza kufa ganzi kwenye bati tupu lisilo na zulia. Akashuka, akazunguka, akashika usukani. Alipofika kijijini alipunguza mwendo mbele ya nyumba ya Bi Aldjia. Madirisha yalikuwa yamefungwa, na hakukuwa na alama ya mguu kwenye theluji ya mlangoni. Huenda Aldjia alikuwa kwa binti yake. Derradji akangoja kidogo, injini ikinguruma taratibu na mshale umetulia mahali pake, kisha akaendelea kwenda nyumbani.