Pini za Shangazi

Timu nzima ilimwita Chiriku, na hakuonewa: mdomo wake haukujua kupumzika. Ndio uliomponza kwenye mazoezi ya mashindano ya kesi za kuigiza, yeye akiwa wakili wa utetezi. Alimbana mwenzake aliyeigiza mlinzi wa geti mpaka akakubali kwamba taa ilikuwa imeungua, miwani hakuwa nayo, na mwizi wa baiskeli alikuwa amempa mgongo. Angekaa hapo, kesi ilikuwa yake. Wapi! Akaongeza la kwake.

"Sasa ulijuaje ni mshtakiwa?"

"Aliniaga. Sauti yake naijua."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Shahidi wa upande wa pili humuulizi swali usilolijua jibu lake. Ijumaa nakupima mara ya mwisho. Ukirudia, nafasi yako nampa mwingine."

Chiriku alitaka kulia, maana nafasi ile aliitaka kwa moyo wote. Akaapa haiachii.

Nyumbani alimwomba shangazi yake, fundi cherehani, awe shahidi. Shangazi alikubali, mradi kazi isisimame. Alikuwa anabana pindo la gauni la mteja, pini tele mdomoni.

"Shangazi, ulimwonaje mwizi?"

Shangazi akamkodolea macho tu.

"Ulimwona mgongo?"

"Mm."

"Taa ilikuwa inawaka?"

"Mm-mm."

Chiriku akashtuka. Kumbe swali la ndiyo au hapana halimpi shahidi nafasi ya kujieleza! Akang'ang'ana na mbinu hiyo kila jioni, mpaka shangazi akatema pini.

"Mwanangu, gauni limekwisha, na mimi nimekuwa bubu. Hebu niache nipumue!"

Ijumaa mwalimu mwenyewe akakaa kiti cha shahidi, mwanafunzi mmoja akiwa hakimu. Maswali yakatoka mafupi mafupi. Taa iliungua? Ndiyo. Miwani ulikuwa nayo? Hapana. Alikupa mgongo? Ndiyo.

Mwalimu akainama mbele. "Lakini nilimtambua, wakili."

Ulimi ukamwasha Chiriku. Swali lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akabana midomo kana kwamba pini zote za shangazi ziko kwake.

"Huniulizi nilimtambuaje?"

Darasa zima likamngoja. Akakusanya karatasi zake.

"Sina swali zaidi, mheshimiwa," alimwambia hakimu, akakaa.

Mwalimu akabaki na jibu lake mdomoni. Halafu akacheka.

"Mashindano ni kesho asubuhi, Chiriku. Usichelewe."