Usiuvute, Mama

…sivuti, nimelala chali kama gogo, mkono wa kulia nimemwachia Hachimia, ameushika kifundoni na chini ya kiwiko kama madamu wa mazoezi alivyomwonyesha hospitali, anaunyanyua taratibu kuelekea kichwani, kazi yangu ni moja tu, nisifanye kazi yoyote, na bado anasema, "Unavuta, mama, moramora, uuache," moramora, Wamalagasi na pole pole yao, wiki ya saba sasa tangu nipasuliwe bega, kovu limefunga, daktari anasema kano imeshika vizuri, kilichobaki ni kuuzoeza mkono kubebwa, mtu wa miaka sitini na tano anafundishwa kubebwa… haya, chini, anauteremsha, anahesabu kwa Kifaransa, tatu, bado saba, mkono huu ulichuma langilangi miaka kumi na moja kule kisiwani Nosy Be, alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani, milangilangi yenyewe ilikatwa vichwa na matawi yakapindwa chini ili wanawake tuyafikie, maua ya manjano yamelegea kama vidole vya aliyelala, tunayatia vikapuni, na Hachimia huyu huyu mgongoni kwangu, utosi wake ukinukia langilangi, nguo zinanukia, wali unanukia, hata maji ya mtungini, na shangazi yangu Mariamou, Mungu amrehemu, alikuwa anaimba mstari mmoja na kusahau unaofuata, kila siku mstari ule ule, sisi tunamdai wa pili naye anatutupia maua, lo, tulikuwa tunacheka, sijui kama nimewahi kucheka vile tangu turudi Mahajanga… "Nne. Inauma?" Hainiumi, inauma kidogo, naitikia kwa kope, iliuma kweli siku ile ya kushuka kwenye kivuko cha Katsepy, ubao una utelezi, nikadaka chuma, mwili ukaenda na mkono ukabaki, nikasikia kitu kinachanika ndani kama kitambaa… "Tano, mama, hapo, usikaze," na uso wake karibu na wangu, nyusi za baba yake, hajui kwamba kila akikunja uso namwona Mohamadi, na wiki hii ndiyo kabisa, tangu simu ile ya kutoka Moroni, Komoro, mzee Mohamadi amesikia mjukuu wake Rahamatou, binti wa Hachimia, anaolewa mwezi wa saba, anaomba ruhusa, ruhusa jamani, ya kuja kukaa hata mlangoni, na Hachimia akamjibu mbele yangu, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele, "Mtu aliyemwachia mama yangu mkono uwanja wa ndege, akapanda, hana kiti kwangu," akakata, nami nilikuwa nachambua mchele kwa mkono wa kushoto, nikaendelea kuchambua… maana maneno hayo ni yangu, nimemlisha mimi, baba yako aliniachia mkono, alipouliza ana miaka minne nilimwambia hivyo, alipouliza ana kumi hivyo hivyo, wanawake wa langilangi wakaguna kwa huruma, shangazi akanipa chumba chake… "Sita. Unavuta tena, mama! Mbona hapa hapa tu kila siku?" Hapa hapa, mkono ukifika usawa wa uso, kifundo kikiwa kimezungukwa na vidole vya mtu, kitu begani kinashtuka chenyewe, mimi sikiagizi, kinajirudisha, na madamu naye aliona, akasema, bega lako linaogopa kitu… jua, lilikuwa jua kali, uwanja wa ndege wa Amborovy, mwanzo wa mwaka wa sabini na saba, tumetoka kambi ya askari tulikojihifadhi baada ya siku zile za Desemba, Wangazidja walipouawa hapa Mahajanga, ambazo sizisemi, nyumba ya baba imekuwa majivu, foleni ya Wangazidja wanaorudishwa Komoro mpaka kwenye ndege, mabunda, masufuria, bibi mmoja amebeba mlango, ndiyo, mlango wa nyumba yake, na Mohamadi mbele yangu, amenishika kifundo cha mkono wa kulia, kwa nguvu, anageuka kila hatua mbili kuhakikisha nipo, "Rabiata, tumefika, bado kidogo," na mimi nina mimba ya miezi miwili ambayo sijamwambia, nafikiria, Ngazidja, kisiwa cha baba, naijua kwa mdomo wake tu, sijui hata maji yake yana ladha gani, mama yangu Mmalagasi yuko Nosy Be, hana mtoto mwingine ila mimi, na hana jina kwenye orodha yoyote ya safari, nitazaa mbele ya nani, na askari anasema twende, twende, na Mohamadi anauinua mkono wangu juu, usawa wa uso, askari aone kwamba huyu ni wangu, tuko wawili… hapo, hapo ndipo, usawa wa uso… nikauvuta. Ya Rabi. Mimi. Niliuvuta mpaka kucha zake zikanikwaruza, alama nilikuwa nazo mpaka Antsahampano, kwenye jahazi la kuvukia Nosy Be, nazilamba zinachoma chumvi, na watu wanamsukuma mbele naye anapiga kelele jina langu, hakuniachia, hakuniachia hata kidogo, alikuwa anarudi, askari ndio waliomziba, na barua zake tatu shangazi alinisomea, sikujibu hata moja, maana ningejibu nini, na uongo ule niliuanza siku ya kwanza tu, shangazi aliponiuliza, ulikuwa mwepesi kuliko ukweli, kisha ukakua na mtoto… "Mama? Unalia? Nimekuumiza?" na ameganda, hashushi wala hapandishi, uso umejaa hofu, jirani anatwanga, sufuria ya chai inachemka pale pale ilipokuwa inachemka, tuko kwenye sita bado.

"Hujaniumiza," nasema. "Hachimia, baba yako hakuniachia mkono."

"Nini?"

"Niliuvuta mimi. Alinishika barabara, nikajichomoa, sikutaka kwenda. Wakati ule hakujua kama upo."

Nyusi zile zimekutana, atanichukia, na anichukie, ana haki, miaka arobaini mzee wa watu anabeba kosa langu kule Moroni na bado anaomba ruhusa ya kukaa mlangoni, na mimi najua nikimeza mate mara moja nitaanza kujitetea, nitataja mama yangu, nitataja majivu, basi nasema haraka, "Simu iko wapi? Mpigie sasa hivi, mwanangu, nikiwa bado sijaona haya."