Ndoo ya Simu

Sisi watano wa chumba cha kufulia cha hoteli tulinunua simu siku moja, duka moja, zote nyeusi, hata tukazifunga nyuzi za rangi ili tusichanganye. Yangu ina uzi wa kijani. Nilidhani zitazeeka pamoja, kama mashuka ya seti moja.

Jumatatu moja nikajua sivyo. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitangaza kwamba usajili wa mtihani ni kwenye programu ya shule tu, mwisho Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kila mwanafunzi aingie kwa simu yake mwenyewe. Ya mwenzako inakukataa, ili kuzuia udanganyifu. Nikaifungua programu. Ikaniambia: "Mfumo wa simu yako ni wa zamani. Sasisha kwanza." Nikaenda kusasisha. Simu ikanijibu: "Simu yako iko sawa. Hakuna sasisho."

Mmoja ananiita mzee, mwingine ananiita kijana, na wote wawili wanakaa ndani ya simu moja! Nina miaka hamsini na mitatu. Nimepiga pasi miaka ishirini na sita, na nimesoma jioni miaka minne. Mtihani huu ukinipita, ni kusubiri mwaka mzima, na macho yangu hayasubiri.

Nikapiga huduma kwa wateja.

"Sasisho linawafikia wateja kwa awamu, mama," binti akasema kwa sauti tamu.

"Mimi niko awamu gani, mwanangu?"

"Inayofuata."

"Inaanza lini?"

"Ikikufikia utajua, mama. Kuna jingine la kukusaidia?"

"Hili la kwanza bado."

Akanishukuru kwa uvumilivu wangu, akakata.

Nikampelekea shida yangu Mama Kiongozi, anayesimamia mashine kubwa ya kufulia na maombi yetu ya mchana. "Hilo ni la kuombewa," akasema, na sikumpinga. Maombi yetu yana kanuni moja: simu zote huzimwa na kutiwa kwenye ndoo tupu ya sabuni mlangoni, kwa sababu huwezi kuzungumza na Mungu huku mfukoni kuna mtu mwingine anakuita.

Jumanne tuliomba nusu saa. Jumatano tuliomba mapumziko yote, tukarudi kwenye pasi na njaa. Kila nikitoka naiwasha simu, natazama: hakuna sasisho. Nazima data haraka, maana bando si maji ya mvua. Nyumbani nako, nikilala mimi, simu naizima. Hata pasi hupumzishwa.

Alhamisi, tulipomaliza maombi, tukakuta sasisho limefika. Limefika kwa Baadaye.

Baadaye ndiye mkunja mashuka wetu. Jina alilipata kutokana na jibu lake kwa kila kazi. Maombi hayajui. Sisi tukiwa ndani tumeinamisha vichwa, yeye hujinyoosha juu ya rundo la mataulo koridoni, nje ya ofisi ya meneja, simu yake ikichaji ukutani.

"Shangazi, simu yangu imeharibika," akanilalamikia. "Nimeamka nimekuta saa imehamia katikati na kila kitu kimekuwa mviringo. Ndilo dude mnalolililia hili? Lichukueni basi!"

Nilikwenda nyuma ya mashine ya kukaushia, nikamuuliza Mungu, kwa adabu, ile orodha ya awamu inaandikwa na nani.

Mama Kiongozi hakuyumba. "Adui anatucheka," akasema. "Ijumaa tunafunga kula, na simu zinaingia ndooni tangu asubuhi."

Zikaingia. Saa nane mchana nilitoka kusukuma toroli la mashuka, nikamkuta Baadaye amechungulia ndooni.

"Shangazi, mnazika simu?"

"Tunaliombea sasisho."

"Zikiwa zimezimwa?"

"Ulitaka tuombe zikilia?"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani! Mnamwita mgeni, halafu mnafunga mlango na kuzima taa! Dude zito kama lile haliji kwa bando, shangazi. Linataka simu iliyolala, siyo iliyokufa. Iwe kwenye chaji, iwe kwenye waifai. Langu limenikuta nakoroma."

"Waifai nitaitoa wapi mimi?"

"Ya hoteli inafika hapa koridoni. Neno la siri limebandikwa mapokezi, kila mgeni analisoma. Wewe unapita pale na mashuka miaka ishirini na sita."

Ndani walikuwa wamefumba macho. Niliingiza mkono ndooni kama mwizi wa sadaka, nikautafuta uzi wa kijani. Nikaiwasha simu, nikaandika neno la siri alilonitajia Baadaye, nikaichomeka kando ya yake, nikarudi kuomba: jicho moja kwa Mungu, jingine koridoni.

Saa tisa na nusu ikaandika: "Sasisho liko tayari." Likatambaa kama konokono. Saa kumi na dakika arobaini simu ikajizima, na moyo wangu pia. Saa kumi na dakika hamsini na moja programu ikafunguka, ikanipiga picha na jasho langu, ikanipa namba ya mtihani. Niliiandika kiganjani kwa kalamu ya kuwekea nguo alama, ile isiyofutika.

Mama Kiongozi alitoka, akaiona, akainua mikono. "Siku nne za maombi! Mmeona?"

Nilifungua kinywa nimweleze habari za chaji na waifai. Halafu nikakumbuka kwamba Baadaye hajawahi kuwa macho saa nane mchana, na sijui nani alimwamsha. Nikasema amina.

Wiki iliyofuata ndoo ilihamishiwa koridoni, simu zikiwa zimewashwa, nyaya nne za chaji zikining'inia ukingoni. Mama Kiongozi akaenda mwenyewe kumkaribisha Baadaye kwenye maombi.

"Nitakuja, mama," akasema, akijifunika taulo usoni. "Niko awamu inayofuata."