Mstari Nyuma ya Picha

Katika darasa la sita la shule ile ya msingi, juu kidogo ya mji wa Molo, vioo vya madirisha vilikuwa vimepakwa rangi nyeupe hadi usawa wa bega ili watoto wasitazame nje wakati wa masomo. Cheptanui alikuwa amekaa kwenye dawati la mbele, magoti yakigusa mbao, kikombe cha chai mkononi. Kama angesimama tu, angeuona uwanja wote. Hakusimama.

Mkabala naye alikaa Mzee Kiprotich, mwenye malori ya viazi, mwenyekiti wa chama katika wadi ile tangu Cheptanui akiwa mtoto wa shule. Aliyesimama kati yao ni Bwana Wanyonyi, msimamizi aliyetumwa na chama kutoka Nakuru, mtu wa shati safi na sauti ya kufariji wagonjwa.

Huko nje wanachama walikuwa wakichagua mwenyekiti wa wadi kwa kupanga mstari. Kila mgombea alikuwa na wakala aliyeshika picha yake, na anayemtaka alikwenda kusimama nyuma ya picha. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Mgongo wako ndio kura yako, na mumeo, mama mkwe wako na mwenye lori linalobeba viazi vyako wote wanauona. Picha ya Cheptanui ilishikwa na Waithera, rafiki yake wa kikundi cha akina mama wakulima.

Wao wawili walikuwa wamezunguka wadi nzima wakiomba kura. Cheptanui, na digrii yake mpya, alikaa jikoni kwa watu akieleza kwamba mwenyekiti wa wadi ndiye anayeketi Nakuru chama kinapoamua nani asimame udiwani, na ndiye anayesikizwa barabara za mashambani zinapoombewa changarawe. "Tumepewa kiti cha akina mama miaka yote," alikuwa akisema. "Kazi yake ni kupanga wanaokaribisha wageni. Safari hii tunataka kile cha mwenyekiti." Wanawake walimsikiliza wakimenya viazi, na mara nyingi hawakujibu kitu.

"Binti yangu," Wanyonyi akasema sasa, "nimetoka huko nje saa hii. Nitakuambia ukweli kwa sababu nina msichana wa umri wako. Watu wako ni wachache."

"Wachache namna gani?"

"Wa kutia huruma. Na vijana wako na simu, wanarekodi. Kufika jioni utakuwa kwenye kila grupu ya WhatsApp kutoka hapa mpaka Naivasha. Msichana wa digrii, na nyuma yake akina mama sita na mbwa."

"Mbwa hana kadi ya chama," Mzee Kiprotich akasema.

Wakacheka wote watatu. Ndiyo, hata Cheptanui alicheka.

"Tufanye maelewano," Wanyonyi akaendelea. "Mzee abaki na kiti chake. Wewe uwe kiongozi wa akina mama, nikupeleke Nakuru wakujue. Hakuna ameshindwa, hakuna ameaibika. Ama unataka kutoka hapo nje uhesabiwe?"

Cheptanui alikiona kichwani kile kimstari kifupi. Aliwaona waliosoma naye wakikitazama kwenye simu zao. Alifikiri aende dirishani, lakini kusimama na kutazama, mbele ya watu wa umri wa babake, kungekuwa sawa na kuwaambia wanadanganya. Na zaidi ya hayo, jambo ambalo hakutaka kujiambia, aliogopa kwamba akitazama atakuta ni kweli.

"Sawa," akasema.

"Mungu asifiwe. Mzee, tuombee."

Hapo ndipo jambo lilipofungwa. Mkono uliopeanwa unaweza kurudishwa, watu wakagombana na kusahau. Lakini maelewano yaliyoombewa, huko kwao, mtu hayagusi tena. Kiprotich alivua kofia, akamshukuru Mungu kwa ajili ya binti mwenye hekima na unyenyekevu. Cheptanui aliitikia amina kabla ya wengine.

Kisha wakatoka nje.

Ukungu ulikuwa bado haujaondoka vizuri uwanjani. Mstari wa Mzee Kiprotich ulianzia kwenye mlingoti wa bendera, ukaishia kabla ya kufika goli la mpira. Nusu ya waliokuwamo walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakivuta sigara. Mstari mwingine ulianzia kwa Waithera, ukapita goli, ukazunguka tangi la maji, ukafuata ua wa michongoma, ukaendelea hadi getini. Wanawake wa viatu vya gambuti na masweta mazito. Wanawake wenye watoto mgongoni. Bibi mmoja alikuwa amekalia kiti cha plastiki, na mstari uliposonga, wawili walimwinua nacho. Hata wale ambao hawakuwa wamemjibu kitu jikoni walikuwapo.

Waithera aliinua picha juu zaidi alipomwona.

"Tanui, angalia nyuma yangu," akasema. "Walianza kuja kabla hata geti halijafunguliwa."

Cheptanui alimtazama Wanyonyi. Wanyonyi alikuwa akifuta miwani yake.

"Waambie wewe mwenyewe," akamwambia, akimpa kipaza sauti. "Kutoka kwako watakubali."

Naye akawaambia. Alisema neno umoja, akasema neno amani, akasema wameketi na kuomba pamoja. Alisema amempisha Mzee Kiprotich na kwamba atawatumikia kama kiongozi wa akina mama. Maneno yalitoka yamepangwa vizuri, kama insha.

Wa mbele mstarini walitazamana.

"Sasa sisi tulikuwa tumesimamia nini hapa?" aliuliza Nangila, mwanamke mpana aliyekuwa wa tatu mstarini. Aliuliza kama anayetaka kujua kweli.

"Foleni ya chai," mwanamume mmoja akajibu kutoka nyasini. "Rudini nyumbani, mamathe. Mheshimiwa wenu ashakunywa yake."

Vicheko vikapita upande ule. Waithera alishusha picha polepole, akaigeuza uso kwa ndani, akaiegemeza kifuani.

"Walikwambiaje?" akauliza.

"Kwamba mko wachache."

"Na hukuangalia?"

"Sikuangalia."

"Mume wangu yuko kwa ule mstari mwingine, Tanui. Amekuwa akinitazama tangu asubuhi. Leo nitalala nyumba hiyo hiyo na yeye."

Cheptanui alikwenda kwa Wanyonyi na kumwambia anataka kubadilisha, kwamba hakuelezwa ukweli. Wanyonyi alimsikiliza hadi mwisho. "Tumeomba," akasema kwa upole. "Utamwambia Mungu pia hakukueleza?" Akachukua kipaza sauti chake, akamtangaza Kiprotich kuwa mwenyekiti.

Mstari ulikuwa haujavunjika. Wengi wa nyuma, kule kwenye michongoma, hawakusikia kitu, na waliosikia hawakuamini. Cheptanui alijua kwamba habari ingewafikia kwa mdomo wa yule mtu wa nyasini. Basi akaanza kutembea kando ya mstari. Sauti yake haikuweza kuwafikia zaidi ya watu watano kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila baada ya hatua chache ilibidi asimame na kuanza upya.

"Niliambiwa mmekuja wachache. Nikaogopa kuaibika. Sikuangalia dirishani, nikakubali. Kosa ni langu."

Nangila aligeuza uso. Mwingine alisema, "Haya, tumesikia," kwa sauti ya kufunga mlango. Bibi wa kiti cha plastiki alimshika mkono, akaushika kwa muda mrefu, kisha akauachilia. Kwenye tangi la maji msichana wa rika lake alimuuliza kama alilipwa, naye akasema hapana, akaona kwamba haaminiki, na kwamba anastahili kutoaminiwa. Kadiri alivyotembea, maneno yalizidi kuwa machache. Umoja haukutajwa tena.

Getini, wa mwisho kabisa, alisimama mwanamke mwembamba ambaye hakuwahi kumwona, kadi ya chama mkononi, matope hadi magotini. Alikuwa akihema.

"Samahani, dada," mwanamke akasema. "Huu ndio mstari wa Cheptanui? Mimi simjui kwa sura. Nimechelewa?"

Cheptanui alianza yale maneno aliyoyarudia njia yote, akayaacha.

"Hujachelewa, mama," akasema. "Cheptanui ni mimi. Nimekuharibia safari yako."

Mwanamke alimtazama usoni, akatazama mstari mrefu uliokuwa mbele yake, akamtazama tena. Aliweka kadi mfukoni, lakini hakuondoka.

"Hebu nieleze," akasema. "Polepole. Nimetoka mbali."