Kiti Kilichotoka na Wageni Wake

Usiku wa jana niliota ninapima kiti cha enzi cha nyumbani kwetu. Ni mchana, niko sebuleni, nimepiga magoti mbele yake na tepu ya chuma mkononi. Sikuona ajabu yoyote, maana jana yenyewe, nikiwa macho, nilikipima. Mimi ni mpimaji wa ardhi. Kitu ambacho sijakipima mara mbili sikiamini.

Sebule yetu, hapa Lamu, ina upana wa mita tatu na sentimita sitini na mbili. Kochi nililoagiza lina urefu wa mita tatu. Kwa hiyo kiti lazima kitoke. Mpagazi atakuja na punda saa mbili asubuhi, akipeleke ghalani.

Ni kiti cha mpingo, kimepambwa kwa vipande vya pembe za ndovu, mgongo wake na sehemu ya kukalia ni kamba zilizosukwa. Mbele kina kibao cha kuwekea miguu. Juu ya kamba za kukalia marehemu mama alitandika kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na hajatokea mtu wa kukiondoa.

Dada yangu Mwanasha amesimama kwenye mlango wa ndani, anarudia maneno yake ya jana.

"Lali, hicho ni kiti cha mgeni. Mama hakukikalia hata siku moja, tangu kuzaliwa kwake humu ndani. Wenyeji mkekani, mgeni kitini. Ukishakitoa, mgeni utamweka wapi?"

"Kwenye kochi."

"Kwenye kochi watakaa watu wote. Mgeni atajuaje kuwa yeye ndiye mgeni?"

Nikanyoosha tepu. Nikaandika kwenye daftari: upana, sentimita sabini na moja.

"Na nusu," kikasema kiti. "Mkono wa kulia umeachana kidogo na mti wake, tangu mwaka ule wa mvua kubwa."

Nikapima tena. Kilikuwa sawa. Nikasahihisha.

"Anakuja nani kunichukua?" kikauliza.

"Mpagazi na punda mmoja."

"Hawatatosha. Mimi sitoki peke yangu."

Punda akapiga hodi. Alikuja bila mpagazi, amevaa miwani, na kalamu ameichomeka nyuma ya sikio.

"Mwenzangu ana udhuru," akasema.

"Na wewe unaingia na kwato zako hizo!" Mwanasha akamkemea. "Sakafu nimetoka kuipiga deki sasa hivi."

"Niwie radhi, bibi." Punda akarudi mlangoni, akapangusa kwato zote nne, moja moja, kisha akaja akakipakia kiti mgongoni.

Mara hapo sebule si sebule tena. Ni uwanja wa ndege. Njia ya kurukia inaanzia pale lilipokuwa dirisha, inakwenda moja kwa moja mpaka macho yanashindwa kuifuata. Vidaka vya ukutani, vile vishimo vya kuwekea vyombo, vimebaki mahali pake, na ndani ya kila kimoja imewaka taa. Sijawahi kuona mahali pakubwa kama pale. Tepu yangu ilikuwa ya mita tano, nikaona haya kuitoa.

Kitambaa cha mama kinafunuka kidogo na chini yake anatoka mtu. Ni daktari aliyekuja kumtazama mama mwaka wake wa mwisho. Nyuma yake anatoka shangazi wa Siyu. Kisha wengine, wengi, wale wa karibuni kwanza na wale wa zamani nyuma yao, kila mtu katika nguo aliyovaa siku alipokuja kwetu. Wanapanga foleni. Hakuna anayesukuma.

"Jina?" punda anauliza. "Ulikikalia mwaka gani?" Anaandika, anawapitisha.

"Hawa wanakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kinakokwenda kiti. Kwenu walifikia hapa juu, bwana mpimaji. Mahali pengine hawana."

Alipopita mkunga aliyenipokea nilipozaliwa, kitovu kikaniwasha. Sikulitilia maanani. Nyuma yake akatoka kijana wa miaka ishirini na minne hivi, kanzu nyeupe, mikono anaifuta kwa leso. Nilimjua kwa masikio. Ni haya haya yangu.

"Jina?"

"Famau Ali. Nilikuja kuposa."

Akapiga hatua kuelekea kwenye ndege iliyokuwa inawangoja njiani. Suruali yangu ikaniingia chini ya nyayo. Nikajipima: mita moja na sitini na saba. Kimo changu ni mita moja na sabini na nne, kimeandikwa hata kwenye pasipoti. Akapiga hatua ya pili. Nikajipima: mita moja na sitini.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Sentimita saba kwa hatua. Nimebakiwa na hatua ishirini na tatu, na ndege iko hatua thelathini.

"Baba!" nikamwita.

Akageuka. "Baba wa nani? Hata mke sijapewa."

"Utapewa. Usiende."

"Kiti kimetoka, nitasimamaje mimi sebuleni kwa watu? Posa haisemwi kwa kusimama." Akaniangalia kwa huruma, kisha akaendelea na safari yake, taratibu, kama mtu mwenye adabu aliyeambiwa aondoke.

Nikamkimbilia punda, nikiwa nimefika urefu wa meza. "Kirudishe kiti. Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Ndiyo maana siwezi," akasema, akafungua karatasi. "Hapa umeandika kwa mkono wako: mwenye nyumba, Lali Famau, ameamua kitoke. Kiti kilichotolewa na mwenye nyumba hurudishwa na mgeni. Anakikalia, basi."

"Na mimi nikikikalia?"

"Utakuwa mgeni. Kwenu hawatakujua."

"Kwa muda gani?"

"Hilo halimo kwenye karatasi."

Akapiga magoti. Kiti kikashuka mpaka chini, cheusi, pembe zake zinang'aa kwa taa za vidaka. Sikuwahi kukiona kwa chini namna ile. Mgongo wake ulisimama juu yangu kama mlango wa jumba. Nikashika kibao cha miguu kwa mikono miwili, nikapanda. Nikakaa.

Uwanja ukaondoka. Niko sebuleni, kimo changu kimerudi, na watu wote wa foleni wamesimama kuizunguka sebule ya mita tatu na sentimita sitini na mbili. Wamo wote, na nafasi imebaki. Sikuthubutu kuuliza imewezekanaje.

Mwanasha akaja na birika la kahawa. Alinitazama usoni, na usoni mwake hapakuwa na dalili kwamba ananijua.

"Karibu sana, bwana. Utuwie radhi, ndugu yangu ametoka. Ana mambo yake ya tepu."

"Dada, ni mimi Lali."

"Lali hukaa mkekani," akasema kwa upole, akanimiminia.

Pazia la ndani likasogea. Akatoka mama, msichana, mdogo kuliko binti yangu. Ameshika sahani ya halua. Amekuja kuitumikia sebule yake, na mimi ndiye niliyemo kitini. Nilitaka kusimama. Nikapokea sahani.

"Umetoka mbali?" akaniuliza.

"Hapana. Nimetoka humu humu."

Akatabasamu kama mtu anayemsitiri mgeni aliyekosea neno. Kisha akainama, akanong'ona ili kijana mwenye kanzu asisikie.

"Usilalie sana kushoto, kamba ina fundo. Yule alipokuja kuniposa alikaa kwa kishindo, kwa woga, ikakatika. Nikaiunga mwenyewe, nikatandika kitambaa juu, asije akaona haya."

Nikaamka.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Nilikuwa kitandani, juu ya godoro la sponji lenye shuka lililonyooka. Nyuma ya paja langu la kushoto palikuwa na alama nyekundu, mistari midogo iliyosukwa, na katikati yake shimo la ukubwa wa punje ya mahindi. Nikashuka sebuleni na tepu. Nikafunua kitambaa cha mama. Kamba zote zilikuwa nzima ila moja, upande wa kushoto. Ilikuwa imeungwa kwa fundo dogo, la mkono wa mwanamke, la ukubwa wa punje ya mahindi. Nikapima mara mbili.

Saa mbili hodi ikapigwa. Nje punda alikuwa analia.

"Lali, wamefika," Mwanasha aliita kutoka jikoni, sauti yake imeshuka. "Niwaambie nini?"

Daftari lilikuwa wazi gotini. Nikaandika: kiti, upana sentimita sabini na moja na nusu. Hakitoki.