Hakuna Kilichoanguka Hapa

Kufa kufaana. Kombora la majaribio lilipopasuka juu ya nyika mwezi wa tatu, wa kwanza kuyafikia mabaki walikuwa Kulpash na mumewe Tolegen, juu ya trekta la shamba la ushirika. Walikuta pipa jeupe, refu kuliko nyumba yao, jepesi, lisiloshika kutu. Tolegen akalipasua katikati, likawa hori la kunyweshea ngamia. Kila nyumba kijijini ilikuwa na chake cha namna hiyo, banda la kuku au bomba la jiko, na kila nyumba ilikuwa imetia saini karatasi ya jeshi kwamba haitaokota kitu. Aliyeokota ameiba mali ya siri, na jela inamhusu.

"Kulpash, ngamia wako siku hizi wanakunywa kwenye vyombo vya mawaziri," jirani alimtania.

"Njoo na wewe uiname, nafasi ipo."

Kiangazi wakafa ngamia wawili. Watu wakasema ni jua. Kisha macho ya Aisulu yakageuka njano.

Aisulu alikuwa na miaka miwili, mtoto wa kwanza wa mwana wa Kulpash, na kwa mila yao mtoto wa kwanza hupewa bibi amlee kama wa tumbo lake. Kulpash ndiye aliyeitwa mama. Ndiye aliyemnywesha maziwa ya ngamia kila asubuhi, na akibakisha alimbembeleza mpaka amalize. Sasa mtoto hakushika hata maji, na tumbo lilikuwa limevimba.

Katika hospitali ya wilaya, Daktari Raushan, binti wa watu wa huko huko, aliuliza anakula nini. Kulpash akasema yote: pipa, hori, harufu kali iliyotoka siku walipolikata. Daktari aliacha kuandika.

"Mama, hilo siwezi kuliandika."

"Andika, mwanangu. Jela nitakwenda mimi."

"Si jela yako. Wilaya hii haijaangukiwa na kombora hata moja, ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Nikiandika sumu ya kombora, kesho mimi sipo na faili halipo. Nitaandika ini."

"Ukiandika ini, atapona?"

Daktari akainama. "Mimi sina dawa. Hospitali ya jeshi kule kituoni wanayo, wanawatibu askari wao wanaoyajaza makombora mafuta hayo yenye sumu. Ila raia hapokelewi bila hati ya kuonyesha amedhurika na nini."

"Hati inatoka kwa nani?"

"Kwao wenyewe."

Kulpash alitoka na mtoto wake begani. Njia nzima alijichukia, akazihesabu asubuhi moja moja, kikombe kwa kikombe. Lakini kujichukia hakumtibu mtu, na Daktari alikuwa amesema siku tatu, nne zikizidi.

Nyumbani alichukua shoka, akabandua kipande cha hori chenye muhuri na namba za kiwandani. Tolegen akamshika mkono.

"Mke wangu, utatufungisha sote."

"Mwizi huandikwa, mzee. Wakiniandika mimi, wataandika na nilichoiba. Hapo ndipo mtoto atapata hati. Washa trekta."

Tolegen akauachia mkono wake. Akaenda kuliwasha.

Lango la kituo lilikuwa na kapteni mmoja, Gusev, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Kulpash aliweka kile kipande miguuni pake.

"Mimi ni mwizi, afande. Nimeiba kombora. Namba hizo hapo. Nikamate, na huyu mtoto aliyekunywa sumu yake mpelekeni kwa daktari wenu."

Kapteni alikigeuza kipande kwa ncha ya buti. "Hiki ni chuma chakavu. Hapa hakuna kilichopotea, mama. Nenda nyumbani."

"Saini yangu mnayo kwenye karatasi yenu."

"Karatasi gani?"

Miaka kumi na miwili watu hawa walimtisha Kulpash kwa jela, na leo anaililia jela wanamnyima.

Lango likafunguka, likatokea gari la magurudumu mengi limebeba kombora chini ya turubai, likielekea uwanja wa kurushia. Kulpash akatembea mpaka katikati ya barabara, akakaa chini. Breki zikalia. Askari wawili wakaja mbio kumnyanyua; akaufungua mtandio aliomfunika nao mtoto, wakauona uso wa Aisulu, wa njano, mdomo wazi. Mmoja akarudi nyuma. Wa pili akamtazama Kapteni.

"Ondoka, mama," Kapteni alisema kwa sauti ya chini. "Unazuia gari la jeshi."

"Ndiyo, nalizuia. Au na hili halijatokea?"

Kapteni akatazama saa. Kombora lile lilikuwa na saa yake ya kuruka, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa na jenerali wa kuiuliza.

"Nikiripoti kuchelewa huku, wataniuliza kwa nini umekaa hapa."

"Waambie."

Dereva akapiga honi. Kapteni akatukana kwa Kirusi, akatoa daftari la ripoti na kalamu, akachuchumaa mbele yake.

"Jina?"

Kulpash akataja la mtoto.