Dozi Tisa Zilizobaki

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, na ubahili wake si wa chakula wala nguo. Ni wa kutupa. Kipande cha nondo urefu wa kidole atakiweka, msumari uliopinda ataunyoosha. Nyumbani tuna kopo la bolti zisizo na nati, tangu tuoane hazijapata kazi, na ole wako uliguse.

Mtu huyo alikataa binti yetu wa miezi tisa achanjwe surua. Chanjo iliyotangulia ilimpandisha homa siku mbili, na ni yeye aliyembeba kifuani akizunguka naye chumbani. Mtoto mzima, akasema, nimpeleke mwenyewe akaumwe? Sitadanganya, neno lile lilikuwa na uzito. Homa hata mimi niliiona.

Lakini mimi nina kaka. Surua ilimpata akiwa na miaka miwili, ikaondoka na masikio yake. Sasa anapiga msasa mageti kwenye karakana ya mume wangu, na kutwa nzima wanazungumza kwa mikono na kuchekana. Wakati mwingine naona wivu. Nikamuuliza mume wangu, homa ya siku mbili na ukimya wa maisha, kipi kizito? Akasema si kila anayeugua surua huziba masikio. Kweli, nikamwambia, na si kila anayechanjwa hupata homa. Tulivutana wiki mbili, mpaka akachoka na mdomo wangu.

"Jumanne," akasema. "Ikipita Jumanne, mimi simo."

Jumanne asubuhi tukawa kliniki. Benchi zima ni letu. Nesi akatazama kadi, akatazama benchi, akatuambia turudi wiki ijayo. Kichupa kimoja cha chanjo ya surua kina dozi kumi, na kikishachanganywa kina saa sita tu, kinachobaki kinamwagwa. Hawezi kukifungua kwa mtoto mmoja.

Mume wangu aliinuka upesi mno kwa mtu aliyesikitika. Damu ikanichemka. Nilimtolea yule nesi maneno ambayo mpaka leo nikikutana naye naona haya, nikamalizia kwamba tukitoka bila sindano mtoto huyu harudi tena, na sababu ni ile pale, imesimama mlangoni na kofia mkononi. Nesi akaitazama sababu yangu kuanzia viatu hadi kichwa. Kisha akafungua jokofu, akachanganya dawa. Binti akalia kidogo, akanyamaza, akaanza kutafuna kamba ya mkoba wangu.

Shughuli ilikuwa imekwisha, nesi ametueleza tukae dakika chache tu amwangalie mtoto. Lakini mume wangu alikuwa amekikodolea macho kile kichupa.

"Dada, hizo tisa mnazimwaga kweli?"

"Saa nane unusu, zinamwagwa."

Akavaa kofia, akatoka, nami nikabaki benchini kumngoja.

Haikupita saa akaingia mama mwenye mtoto mgongoni, akauliza kama ni hapa alipotumwa na baba mmoja mwenye masizi usoni. Akafuata muuza simu na mapacha wake, halafu fundi cherehani wa jirani. Kila mmoja alinisimulia alichoambiwa: homa ipo, usidanganywe, mwekee kitambaa cha maji umwangalie, itapita, lakini surua inaweza kuondoka na kitu isirudishe. Maneno yangu hayo! Wiki mbili aliyakataa, kumbe alikuwa anayatia kwenye kopo lake.

Kufikia saa nane walikuwa wamechanjwa watoto tisa, pamoja na wetu. Ndipo mume wangu aliporudi, amemshika kaka yangu mkono, vumbi la chuma limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Hii ya mwisho mpe shemeji," akamwambia nesi. "Isipotee."

Nesi alitaka kucheka, akaona mume wangu hatanii. Akamweleza taratibu kwamba aliyekwisha kuugua surua chanjo haimsaidii tena.

"Yake ilitakiwa ije miaka thelathini iliyopita," akasema.

Kaka akauliza kwa mikono, amesemaje? Mume wangu akamjibu: umechelewa. Kaka akacheka, akambana binti pua. Saa nane unusu nesi akaimwaga ile dozi ya mwisho.

Siku ya nane homa ikaja, kama nesi alivyotuonya, ikakaa siku moja. Akina baba wawili walikuja mlangoni kulalamika. Mume wangu akawajibu, kitambaa mkononi, kwamba ndiyo ileile aliyowaambia, warudi kwa watoto wao.

Ilipoisha nilimpeleka binti karakanani. Baba yake akagonga chuma, binti akageuka. Akagonga tena, akageuka tena, akacheka. Kaka yangu, aliyetupa mgongo, aliendelea na msasa wake.

Mume wangu akaweka nyundo chini.

"Ile ya kumi," akaniambia, "bado inaniuma."